Kikohozi cha Sebuleni

Kihesa, Iringa
12 Mei 2025

Kwa Baba,

Shikamoo. Ni mimi Esta, mke wa Ambokile. Najitambulisha kama mgeni kwa sababu mbele yako ni mgeni kweli: nina miaka saba nimeolewa nyumbani kwako Uyole na uso wangu hujauona. Siku ya ndoa Mama mkwe alinifunika kitenge kabla hujaingia kanisani, na tangu hapo wewe umenijua kwa miguu tu, inavyokimbia kuzunguka nyuma ya nyumba. Mimi nimekujua kwa kikohozi. Viwili vifupi, halafu kimoja kirefu kinachoishia puani. Nikikisikia, hata kama nina sufuria la moto mkononi, natafuta pa kupotelea.

Naandika kwa sababu barua haina uso, na aliyenifundisha hivyo ni wewe. Mimba yangu ya pili ilipoharibika, watu walikuja kunipa pole na papo hapo wakaanza kuulizia nazaa lini tena. Wewe ulipitisha karatasi chini ya mlango wa jikoni: "Mwanangu, nimesikia. Nimelia. Kula." Ninayo mpaka leo. Katika nyumba nzima ile, aliyenilia ni mtu ambaye sijawahi kumtazama, na ndiyo maana sikuwahi kuona mila yenu ni mzigo. Wenzangu shuleni walikuwa wananicheka kwamba mwalimu mzima anajificha kwenye migomba. Niliwaambia hawajapata mkwe kama wangu.

Sasa shida yangu. Huku chuoni nilikokuja kuongeza masomo tuna mwalimu wa sosholojia, Madam Taslim, mwanamke wa hapahapa Iringa mjini, mpole wa sauti na mkali wa maksi. Anasema mtu hazaliwi akiwa amekamilika. Anajitengeneza kila siku mbele ya wenzake, kwa jinsi anavyosalimia, mahali anapokaa, anachoonyesha na anachoficha. Ametuagiza kila mmoja achague sheria moja ya nyumbani ambayo haijaandikwa popote lakini wote wanaifuata, awaulize wanaoifuata, kisha aeleze imewafanya wawe watu gani. Nimechagua yetu, ile mnayoiita ukutila kwa Kinyakyusa: mkamwana kumkimbia baba mkwe.

Upande wangu ninao. Mama alinifundisha nisikutazame, nisikusemeshe, nisilitaje jina lako wala neno linaloanza kama jina lako. Yale mashamba ya mpunga huko Mbarali, yenye kingo na maji, unajua yanavyoitwa. Mimi nayaita mashamba ya maji. Ambokile anasema naongea kama mzungu aliyeanza Kiswahili juzi.

Upande wako ndio sina. Ukisikia miguu yangu inakimbia, unajisikiaje? Chukua mfano Pasaka hii. Nilikuja likizo, na siku zote nilizokaa ulikuwa sebuleni. Kila nikikaribia mlango nasikia kikohozi, na Joyness ananiwahi: "Wifi, Baba yupo, zunguka." Nikazunguka kupitia banda la nguruwe, mvua inanyesha, kanga imenigandia mgongoni. Chakula nilichokupikia nilimpa Joyness dirishani. Sahani ilirudi tupu na salamu kwamba Baba kasema nimepatia. Nilifurahi, Baba, siku nzima nilikuwa naimba jikoni. Wewe ulikuwa unawaza nini wakati ule?

Barua hii nampa mwinjilisti Sosthenes, aliyekuja semina huku, akupe mkononi Jumapili. Nyumbani barua ikifika kila mtu anaisoma kwanza.

Mkamwana wako,
Esta


Rujewa, Mbarali
25 Mei 2025

Mkamwana wangu Esta,

Marahaba, ndaga. Barua yako imefika kwa kuzunguka kama wewe mwenyewe. Sosthenes hakunikuta Uyole, akampa dereva wa lori la mpunga, nami nimeipokea hapa mashineni watu wakikoboa. Kwa kuwa nilifundisha darasa la nne mpaka nikastaafu, nimeisahihisha. Umekosea mkato mmoja tu. Neno unalolikwepa ni jaluba, yakiwa mengi majaluba. Umelikwepa vizuri sana, nimecheka peke yangu mpaka Goodness akaja kuuliza kuna nini.

Nakujibu kama mwanafunzi mwema, maana sijawahi kuulizwa jambo hili na mtu yeyote. Wazee wetu walisema baba na mke wa mwana wasikutane ili nyumba isichanganyike. Ukimwogopa mkwe umemheshimu, na yeye akikohoa kabla ya kuingia amekuheshimu. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha. Lakini umeniuliza najisikiaje, na hilo halimo kwenye mafundisho.

Nikisikia miguu yako nafurahi na naona haya kwa pamoja. Nafurahi kwamba nina mtu anayenijali kiasi cha kukimbia. Naona haya kwamba mtu wa kwangu ananikimbia. Sahani inaletwa, ya moto, imepikwa na mtu aliyefikiria meno yangu mabovu, na mimi siwezi kuuliza jina la mboga. Nakula nikitazama ukuta. Mzee mwenye heshima nyingi anakula peke yake, mwanangu. Andika hivyo, ila usiandike kuwa ni mimi.

Pasaka ndipo uliponichanganya. Ni ya mwaka gani? Mimi nipo huku Rujewa tangu mwezi wa kumi mwaka jana, tangu majaluba yanalimwa. Uyole sijakanyaga hata Krismasi. Pasaka hii nilikuwa shambani naamia ndege, nikipiga debe na kuwatukana kweleakwelea, Mungu anisamehe, maana hata ibadani sikwenda. Ambokile anasema joto la huku linafaa kifua changu, na kweli nimenenepa. Kanitafutia chumba kwenye nyumba ya Goodness, binti wa Kisangu, mpishi mzuri na mwenye maneno. Tunakula sahani moja, yeye, mimi na mwanawe Adrian, ambaye ananiita babu kama watoto wanavyowaita wazee wote. Wiki ya Pasaka tu ndiyo nilijipikia, kwa sababu yeye na mtoto walikwenda kwa shangazi yake huko Mbeya. Nikaunguza ugali.

Nieleze vizuri habari ya Pasaka nikusaidie.

Baba yako


Kihesa
3 Juni 2025

Kwa Baba,

Shikamoo.

Pasaka ni ya mwaka huu.

Nimeisoma barua yako mpaka Mama yangu, ninayekaa kwake huku Kihesa, ameniuliza kama kuna msiba. Nimemwambia hapana, ni kazi ya shule. Amenitazama kama anavyowatazama wauza mitumba wanaosema nguo haijatoboka.

Nakuomba jambo moja tu, Baba. Wewe ni mzee na mimi niko tayari kuamini kwamba umesahau, nataka sana kuamini hivyo. Kama ulikuwa Uyole, niambie nilikupikia nini. Chakula chenyewe tu, basi, sitauliza tena na wala sitakiandika popote. Kama hukuwepo, nisaidie kujua nilikuwa namwinamia nani kwenye tope, na kikohozi nilichokisikia kilitoka kwenye kifua gani.

Ambokile nimempigia. Anasema wasomi tuna matatizo, tunatafuta mambo pasipo na mambo. Mama mkwe simu yake inaita tu. Joyness hapokei. Umebaki wewe, na wewe ndiye ninayekuamini.

Esta


Rujewa
19 Juni 2025

Esta,

Marahaba.

Nimeulizia nyumbani. Ni uzee, niliichanganya Pasaka hii na ya mwaka jana. Nilikuwa Uyole siku hizo. Ulinipikia wali na nyama, nikala nikashiba.

Hiyo habari ya Pasaka usiitie kwenye kazi yako ya shule. Andika mambo ya zamani, yapo mengi, na walimu wanayapenda. Ambokile atakuja kukuona mavuno yakiisha. Mpokee vizuri, mume ni mtu wa kupokelewa.

Mkamwana hamuulizi mkwe mara mbili. Hili nalo ni katika ile sheria yetu, labda Mama alisahau kukufundisha.

Baba yako


Ujumbe wa simu kutoka kwa Joyness, Uyole
22 Juni 2025

Wifi mambo. Simu zako zote nimeziona, nilikuwa naogopa kupokea. Jana umeniandikia kwamba Baba kasema alikula wali, nimeshindwa kulala. Wifi ulipika ndizi, ile mbalaga yenye nyama ya ng'ombe. Baba hajala wala hakuwepo, angejuaje.

Sikia, nakwambia halafu futa hii. Aliyekuwa anakohoa ni kaka. Alikuwa anajifunzia bafuni kabla hujafika, na mimi nilicheka, sikufichi, maana alikuwa anapatia kabisa, mpaka ule wa puani. Wewe ulidhani anashinda sebuleni na Baba, kumbe alikuwa na yule dada wa Rujewa, Goodness, na mtoto wao. Ndiyo, wao. Alikuja kutambulishwa kwa Mama. Wewe ukasema unakuja likizo na yeye ameshafika, sasa watamweka wapi. Mama ndiye alisema tukwambie Baba yupo. Alisema Esta ukimwambia kitu kingine chochote atauliza, ila hicho hawezi kuuliza.

Ndizi alikula Goodness. Ile "Baba kasema umepatia" nilitunga mwenyewe, hakuna aliyenituma. Nilikuona ulivyolowa nikakuonea huruma. Wifi usinichukie sana. Mama asijue ni mimi.


Kihesa
30 Juni 2025

Kwa Baba,

Nimekuja Rujewa. Hukuniona kwa sababu mimi nimelelewa vizuri.

Jumatano sikwenda darasani. Nilipanda basi la Mbeya nikashuka njia panda, nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke kwa dada mmoja wa Kisangu anaitwa Goodness, ana mzee anakaa naye. Akasema, "Kwa mke wa Ambokile wa mpunga? Napajua." Nikasema hapohapo. Njia nzima ananisimulia mume wangu alivyo mkarimu, na mimi naitikia eeh, eeh. Nilipomlipa akanitakia kazi njema, alidhani nimekwenda kununua mchele.

Nilikuwa nimejipanga niingie na nimshike mtu kanga. Nilifika kwenye ua wa matete nikasikia kikohozi. Viwili vifupi, kimoja kirefu, kikaishia puani. Chako mwenyewe safari hii. Unajua nilifanya nini, Baba? Nilipiga magoti. Nilijifunika kichwa na kugeukia upande mwingine, kwenye mavumbi, kuku wananishangaa. Mwili ulifanya kabla mimi sijaamua. Madam Taslim angekuwepo angenipa maksi zote.

Kwa hiyo sikuona kitu, nilisikia tu. Nilisikia vijiko vinagonga sahani moja. Nilisikia yeye anasema, "Baba, ongeza mboga," na wewe ukasema mboga ya leo imezidi ile ya jana. Nilisikia mtoto anakuita babu na wewe unamwambia atafune kwanza. Miaka saba, Baba, mimi sijui hata unapenda mboga gani. Nilikuwa nauliza kwa Joyness, nabahatisha, nalainisha nyama kwa ajili ya meno ambayo sijayaona.

Halafu akauliza, "Esta kaandika tena?" Na wewe ukajibu, na sauti yako ilikuwa ya mtu aliyeshiba: "Ataacha. Yule ni mtoto mwenye adabu."

Nikaondoka kwa kuinama mpaka nje ya ua.

Darasani tunafundishwa kwamba kila mtu ana upande wa mbele anaouonyesha, na upande wa nyuma anakovua viatu na kusema anachokiwaza. Wanaokutana huko nyuma ndio wanaojuana. Mimi nilipokuwa nazunguka kwenye nguruwe na migomba nilidhani niko nyuma ya nyumba, kwamba mimi ndiye mtu wa ndani kabisa, wa jikoni. Kumbe nilikuwa mtazamaji. Mchezo mzima ulikuwa unachezwa kwa ajili yangu mmoja: kikohozi, sahani, salamu. Wengine wote mlikuwa mnajuana.

Ambokile ameniumiza, na huyo nitamalizana naye. Mama mkwe hakuwahi kunificha kwamba ananivumilia tu. Wewe ndiye sikukutegemea. Nilikuuliza jambo dogo kuliko yote, chakula gani, nikakuachia na mlango wa kutokea, ukautumia kuniambia uongo. Ni ndizi, Baba. Wali sijawahi kupika Uyole hata siku moja, Mama mkwe hataki.

Ulijua tangu lini? Nijibu mwenyewe, bila kuulizia nyumbani.

Esta


Rujewa
10 Julai 2025

Esta mwanangu,

Barua yako nimekaa nayo shambani, sikutaka kuisomea nyumbani. Naijibu mwenyewe.

Ambokile aliponileta hapa sikujua. Aliniambia ni nyumba ya kupanga, na mimi nikalipokea neno lake. Nilianza kuona mambo mwezi wa kumi na mbili. Ambokile akija hapigi hodi. Mtoto akilala, vidole vyake vya miguu vimepandana kama vya Ambokile, na vya Ambokile vimepandana kama vyangu. Mtu aliyefundisha watoto miaka yote ile hakosi kuona. Niliona, nikanyamaza.

Utaniuliza kwa nini. Ningesema neno moja tu, kwamba huyu ni mke wa mwanangu, Goodness angekuwa mkamwana siku hiyohiyo. Angejifunika kichwa na kuanza kunikimbia, na mimi ningerudi kutazama ukuta. Mama yako mkwe na mimi hatujakaa tukaongea jambo la maana tangu dada mkubwa wa Ambokile aolewe. Huku kuna mtu ananiuliza nimelalaje na anasubiri nimjibu. Nilinyamaza ili niendelee kula na watu. Habari ya Pasaka sikuijua, hilo naapa. Barua yako ndiyo iliyonifahamisha kwamba wamekitumia kifua changu. Nilikasirika, nilimpigia Ambokile nikamfokea. Akaniambia, "Baba, ukimwambia Esta ukweli, na Goodness naye anahama kwenye sahani yako." Ndipo nikaandika ile habari ya wali.

Umesema ulisikia nikikuita mtoto mwenye adabu. Nilisema, na ni kweli, ndivyo ulivyo.

Sasa nikuombe kwa adabu hiyohiyo. Jambo limeshatokea na mtoto ameshazaliwa. Rudi Uyole. Wewe ndiye mwenye ndoa ya kanisa, hakuna atakayekugusa. Yeye atabaki huku, wewe huko, hamtaonana. Ambokile ameona aibu kuja, kwa hiyo nitakuja mimi, Jumamosi tarehe 26, na Sosthenes, tuongee na mama yako kwa heshima. Nitakohoa langoni. Ukinisikia ingia ndani kama kawaida yako, sisi wazee tutamaliza.

Usinikatalie. Nyumba ikivunjika mikononi mwangu nitawatazamaje watu wa kanisani.

Baba yako


Kihesa
17 Julai 2025

Kwa Mzee Jailos Mwasyeba,

Barua nimepata. Karibuni Jumamosi. Mama atapika, nami nitakuwepo.

Poleni na mavuno. Nimesikia mwaka huu majaluba yamezaa vizuri.

Esta Kalinga


Rujewa
3 Agosti 2025

Esta,

Nilipoona jina langu limeandikwa kwa mkono wako nilielewa. Lakini nikajidanganya njia nzima. Nilimwambia Sosthenes kwenye basi kwamba wanafunzi wa siku hizi ndivyo wanavyofundishwa kuandika barua, kwa jina kamili. Akasema labda. Nilipomsomea mstari wako wa majaluba aligeuka akatazama dirishani.

Nilikohoa langoni. Nilikohoa vizuri, kama nilivyofundishwa, nikasubiri nisikie miguu. Sikusikia. Nikadhani umeshaingia ndani mapema. Nikafungua lango, na wewe umekaa kibarazani unachambua maharage, kichwa wazi.

Uliweka ungo chini ukaja mpaka niliposimama. Ukanipa mkono. Ukanitazama usoni, si kwa hasira, hasira ningeiweza. Ukasema, "Shikamoo, Mzee Jailos. Habari za safari? Karibuni ndani," kama mtu anavyomkaribisha mzee yeyote wa mtaani. Sosthenes akavua kofia. Yeye ni Mnyakyusa, hakuhitaji kuelezwa kwamba mwanamke akinisalimia hivyo, mimi si mkwe wake tena. Mama yako ambaye ni Mhehe naye alielewa, maana alianza kumimina chai bila kuuliza tumekujia nini. Maneno niliyoyaandaa niliyanywa pamoja na ile chai.

Kitu kimoja naomba nikuambie, hata kama sina tena pa kukisemea. Una mwanya. Una mwanya na alama ndogo juu ya jicho la kushoto, na ukisikiliza unainamisha kichwa kama marehemu dada yangu Anjela. Miaka saba uko nyumbani kwangu na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba unafanana na Anjela. Nilitamani kukueleza palepale kibarazani. Nikaona nimechelewa, nikauliza bei ya maharage.

Umesema utamalizana na Ambokile mwenyewe mbele ya mchungaji na ndugu zako. Sitaingilia wala sitakuja tena kumsemea. Kazi yako ya shule kama hujaimaliza, ile habari ya mzee anayekula peke yake andika na jina langu.

Maana Ambokile tangu aliposikia yaliyotokea Kihesa amemtangaza Goodness kuwa mke wake. Mama yake Ambokile alikuja Jumatatu na kitenge, akakaa naye siku mbili jikoni kumfundisha. Sasa ananikimbia. Chakula naachiwa juu ya kigoda mlangoni, kimefunikwa. Adrian wanamzuia asinisumbue wakati nakula. Juzi niliuliza kwa sauti, mboga hii ni mboga gani, na hakuna aliyenijibu, kwa sababu aliyekuwa karibu haruhusiwi.

Jana jioni nilikohoa, ni kifua tu, vumbi la pumba. Nikasikia miguu inakimbia kuzunguka nyuma ya nyumba. Nikasema moyoni, huyo Esta. Nilikaa muda nikifurahi, mpaka nilipokumbuka kwamba Esta hakimbii tena, na kwamba safari hii aliyekuwa sebuleni ni mimi kweli.

Jailos Mwasyeba